Mheshimiwa wa Bomba la Kumi na Nne

"Kiweke chini hicho kitambaa," alisema Mkaguzi Ngwali kwa mara ya nne, "au nitaandika kwamba umejaribu kugusa."

"Andika," alijibu Sihaba. "Na chini yake uandike kwamba mliniita nitengeneze mabomba. Fundi bomba asiyegusa bomba anatengeneza nini, hewa?"

"Mafundi wote waliokutangulia walitengeneza bila kugusa."

"Ndiyo maana hayatoi maji."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la tisa, kitambaa mkono wa kulia, chupa ya siki mkono wa kushoto. Ngwali alisimama hatua tatu nyuma yake, umbali uliowekwa na sheria, mikono ameiweka mgongoni kama walivyoiweka watu wote wa nchi ile. Hakuwa mtu wa makelele. Alikataa kwa upole, na alivyozidi kukataa ndivyo upole wake ulivyozidi, mpaka Sihaba akatamani afokewe.

"Sikiliza, Bwana Mkaguzi. Umeme upo. Maji yapo. Koki ni nzima. Kilichobaki ni hili jicho, limeota ukoko. Nafuta mara moja, nahesabu mpaka kumi, maji yanatoka. Wewe geuka uangalie ukutani, hutakuwa umeona kitu."

"Lakini nitakuwa nimejua," alisema Ngwali.

Jinsi Sihaba Mdoe alivyofika Epukani si habari ya kupoteza muda. Alikuwa fundi bomba mwenye stashahada ya chuo na watoto watatu, na kwa miaka ishirini alikuwa amezibua mifereji ya hoteli na hospitali za kwao. Barua ilipokuja ikisema kwamba maliwato ya umma ya mji mkuu wa Epukani yamekuwa na shida kidogo, alidhani ni kazi ya wiki moja, akafunga begi la vifaa.

Maliwato Makuu yalikuwa chini ya jengo kubwa la biashara la mji. Ukuta mzima wa marumaru ulikuwa na mabomba arobaini na tisa, na chini ya shingo ya kila bomba palikuwa na jicho dogo jeusi. Mtu hashiki kitu. Analeta mikono, jicho linatuma mwanga ambao binadamu hauoni, mwanga unagonga viganja na kurudi, maji yanatoka. Akiiondoa, yanakata. Sihaba alikuwa amefunga mamia ya mabomba ya namna hiyo kwao, hasa mahospitalini, na hakuwa na ugomvi nayo. Wala hakuwa na ugomvi na sababu ya Epukani kuyaleta: zamani ugonjwa wa kuhara ulibeba theluthi ya mji, wakubwa wakasema kilichoua ni mkono kushika palipokwisha kushikwa, na hapo hawakukosea. Wakatunga Sheria ya Kutogusa. Miaka miwili ya kwanza watu walinawa na watoto wakapona.

Lakini maji ya Epukani yana chokaa. Birika la chai linakuwa jeupe ndani kabla ya mwezi kwisha. Matone yaliruka, yakakauka juu ya jicho, yakaacha utando, na juu ya utando ukaja utando mwingine, mpaka mabomba yakawa kama wazee wenye mtoto wa jicho. Kufuta kungetosha. Kufuta ni kugusa. Kwa hiyo utunzaji wa mabomba katika nchi ile ulikuwa ni kuyatazama: kila asubuhi wakaguzi kumi na wawili walisimama hatua tatu mbali, wakatazama, wakaandika daftarini "limetazamwa". Bomba lililotazamwa haliwezi kuwa bovu. Basi maji yasipotoka, mwenye kasoro ni aliyesimama mbele yake.

Hivyo ndivyo walivyopatikana watu hafifu.

Mtu ambaye bomba halikumwona mara tatu, mwezi mmoja baada ya mwingine, alifutwa kwenye kitabu cha mji na kupelekwa Ufifioni, nyuma ya wavu. Hakuadhibiwa, maana hakuwapo wa kuadhibiwa. Hakuwepo tena. Watoto wake waliandikwa mayatima. Sihaba aliwaona saba asubuhi ileile alipokuwa anakuja kazini, wamepangwa mstari kando ya wavu, na ng'ambo ya pili wanawake wakiwaita kwa majina. Mtoto mmoja aligeuza kichwa. Mlezi akamwambia ni upepo.

"Mnapeleka lini tena?" alimuuliza Ngwali, akiwa bado amepiga magoti.

"Leo adhuhuri. Mtu mmoja tu."

"Nani?"

Ngwali alielekeza kidevu upande wa mlango. Mwanamke mwembamba alikuwa anadeki sakafu kwa ufagio wa kudekia wenye mpini mrefu, mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa khanga. Kumbeba mtoto wako kuliruhusiwa mpaka aote meno. Sheria ilikuwa na huruma zake.

"Anaitwa Mwatime," alisema Ngwali. "Bomba lake ni hilo unalotaka kulifuta."

Sihaba aliinuka. Alimfuata yule mama, na Mwatime alipomwona anakuja karibu mno alirudi nyuma hatua moja, kwa adabu.

"Dada, saa sita unapimwa?"

"Ndiyo, mama. Mara ya tatu."

"Na mara mbili zilizopita?"

"Halikuniona." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja kijiji anachotoka. "Nimefifia. Tangu nijifungue silali vizuri, na chakula natanguliza wazee wa nyumbani. Mwezi huu nimejitahidi. Nimekula mayai. Nimejifunza kusimama wima. Dada yangu alipofifia mwaka juzi alikuwa anainama, labda ndiyo sababu."

"Dada yako hakufifia na wewe hujafifia. Ni chokaa. Umewahi kutazama ndani ya birika lako?"

"Nimewahi."

"Basi ndicho kilichopo kwenye jicho la bomba. Hata simba angesimama pale lisingemwona."

Mwatime alimtazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mgeni anayekosea salamu. "Mama fundi, wewe ni mtu mwema. Lakini kama ni chokaa tu, basi dada yangu yuko wapi?"

Sihaba alimgeukia mtoto.

"Huyu anaitwa nani?" aliuliza, akionyesha mgongoni.

"Hajapewa jina. Nikionekana nitampa. Nisipoonekana watampa wao." Mwatime aliendelea kudeki. "Nisingependa azoee moja halafu abadilishiwe."

Sauti ya maji ilikuwa imemsumbua Sihaba tangu aingie, na sasa ndipo alipotafuta inatoka wapi. Katikati ya safu, bomba moja lilikuwa linamwaga maji bila kukoma, na mbele yake hapakuwa na mtu. Kamba nyekundu ilikuwa imezungushwa kulizingira, na kuanzia hapo mpaka ukuta wa pili vilipangwa viti kumi na vinne.

"Hilo lina tatizo gani?" alimuuliza Ngwali.

Kwa mara ya kwanza Ngwali alikunja uso. "Punguza sauti. Hilo ni bomba la kumi na nne. Aliyepo hapo ni Mheshimiwa."

"Yupi? Sioni mtu."

"Hatumwoni. Bomba linamwona." Alieleza taratibu, kwa fahari kidogo. Miaka kumi na saba iliyopita, asubuhi moja, maji yalianza kutoka pale yenyewe. Bomba halitoi maji ila mbele ya mtu. Basi mtu yupo, na yupo kwa namna iliyotimia kuliko mtu mwingine yeyote wa Epukani, kiasi kwamba hahitaji hata mwili. Hachoki, haondoki. Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na wanne ambao kila jambo waligawanyika saba kwa saba. Wakamwomba awe wa kumi na tano. Wakamuuliza kama anakubali, maji yakaendelea kutoka; ndiyo yake ikaandikwa. Na kwa kuwa hawezi kuondoka hapo, Baraza likahamia chooni.

"Na tangu siku hiyo amewahi kusema hapana?"

"Hajawahi. Ni mtu wa msimamo."

Sihaba alitazama mkabala na bomba lile. Palikuwa na pipa la taka la chuma, refu kufika kifuani, mfuniko wake umeinama na kung'aa kama kioo, umeelekea moja kwa moja kwenye jicho. Fundi yeyote wa mwaka wa kwanza angeligundua.

"Pipa hili lililetwa lini, Bwana Mkaguzi?"

"Mwaka uleule. Nadhani mwezi uleule. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema Sihaba. Aliangalia pia jicho la bomba lile. Lilikuwa safi, kwa kuwa maji yasiyokatika hayakulipa nafasi ya kukauka. Ana kawaida ya kutotoa kifaa kwenye begi mpaka apajue pa kukitumia.

Saa tano na nusu Baraza liliingia, mikono mgongoni, likaketi. Mwenyekiti alikuwa bibi wa makamo mwenye miwani na sauti kavu ya mwalimu wa hesabu. Sihaba aliomba wamruhusu kufuta jicho moja tu, la tisa, kabla ya adhuhuri. Walimsikiliza kwa makini. Kusikiliza wanajua.

"Tukianza kufuta, tutaishia wapi?" aliuliza mzee mmoja. "Leo jicho, kesho kitasa."

"Tujaribu moja," alisema mjumbe kijana. "Likishindikana, fundi atakuwa ameumbuka."

"Na likifaulu?" aliuliza mama aliyekaa nyuma, bila kumtazama mtu.



"Binafsi sina shida na mabomba," alisema mwingine. "Yale ya chumba chetu cha ndani yananiona kila siku."

"Yale hufungwa mapya kila mwaka," alisema Sihaba. "Anayafunga nani? Kwa meno?"

"Kufunga jipya si kugusa bomba," alijibu Mwenyekiti. "Haliwi bomba mpaka liwe limefungwa. Hoja iko mbele yenu: macho yaachwe kama yalivyo. Wanaokubali?"

Huko kura hupigwa kwa kuinua kiwiko. Viliinuka saba. Wanaokataa, saba. Mwenyekiti akageukia bomba la kumi na nne, akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa?"

Maji yalitoka.

"Imepita," alisema Mwenyekiti. "Aletwe huyo mama."

Mwatime aliegesha ufagio ukutani. Alijipangusa viganja kwenye gauni, akaenda mbele ya bomba la tisa, akasimama wima kabisa, mabega nyuma, kama alivyojifunza. Akaleta mikono. Ngwali alihesabu kwa sauti mpaka thelathini, ndivyo sheria ilivyotaka. Alipofika ishirini Mwatime alivichezesha vidole. Alipofika ishirini na tano alivisogeza karibu, kisha mbali, kisha karibu. Mtoto mgongoni alianza kulia, na Mwatime akawa anamtikisa kwa nyonga huku mikono haitikisiki.

"Thelathini," alisema Ngwali. "Halikumwona."

Mlezi wa mayatima aliingia akisukuma kitoroli kilichotandikwa shuka jeupe. Akakisimamisha hatua tatu kutoka kwa Mwatime, akasema kwa ustaarabu, akiyaelekeza maneno hewani kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuambiwa, "Yatima alazwe hapa."

Mwatime aligusa fundo la khanga kifuani, na vidole vyake vikashindwa kulifungua. Au havikutaka.

Sihaba alikwenda kwenye pipa. Lilikuwa zito, limejaa karatasi zilizolowa. Aliliegemea kwa nyonga, akakaza miguu, akalisukuma hatua mbili kando.

Maji yakakata.

Kwa miaka kumi na saba watu wale hawakuwahi kusikia chumba kile bila sauti ya maji. Mjumbe mmoja alisimama. Mzee yule wa kitasa alishika kifua chake kwa mkono, akajiona, akaurudisha mgongoni.

"Mwatime," aliita Sihaba. "Njoo hapa."

"Hapo pana mtu, mama."

"Hapana mtu. Pita chini ya kamba."

Mwatime alipita. Alileta mikono yake kwenye bomba la kumi na nne, na maji yakamwagika juu ya viganja. Akaiondoa kwa mshtuko, yakakata. Akairudisha, yakatoka. Akaiondoa, akairudisha. Mara tatu, mbele ya Baraza zima. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwemo katika upimaji: alinawa. Alinawa taratibu, katikati ya vidole na chini ya kucha, akachota kidogo akampangusa mtoto uso.

"Mwangalieni vizuri," alisema Sihaba. "Yupo. Amekuwapo siku zote. Na Mheshimiwa wenu ni mfuniko wa pipa."

Alitegemea watabisha, na alikuwa na majibu tayari. Hawakubisha. Walilitazama pipa, wakalitazama bomba, wakatazamana, na Sihaba aliona usoni mwao kwamba wameelewa wote, hadi yule mzee. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

"Bwana Mkaguzi," alisema Mwenyekiti, "Ufifioni kuna watu wangapi?"

"Mia tisa na arobaini na mmoja." Ngwali alisita. "Na mama yangu. Nimemhesabu humo."

"Nani aliandika jina lake?"

"Mimi." Upole wake ulikuwa umekwisha, na chini yake hapakuwa na kitu. "Nilisimama palepale, nikahesabu thelathini. Alikuwa ananitazama. Aliniambia, Ngwali, mwanangu, hesabu polepole. Nikahesabu kama kawaida, ili isionekane nampendelea." Alimgeukia Sihaba. "Unaniambia ilikuwa chokaa?"

Sihaba hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Ilikuwa chokaa," alisema.

"Mimi binti yangu," alisema mama aliyekaa nyuma.

"Mimi mke," alisema mjumbe kijana.

Hawakuendelea. Hapakuwa na mwenye haja ya kusikia waliobaki.

"Ng'ambo ya wavu si mbali," alisema Sihaba. "Mnaweza kwenda sasa hivi. Fungueni mlango muwaambie tulikosea."

"Na wale waliofia huko?" aliuliza Ngwali. "Nao niwaambie?"

Mwenyekiti alivua miwani. Ilimbidi atumie mkono kuivua, na hakuna aliyeandika. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayefunga hesabu isiyotoka.

"Kama Mheshimiwa ni pipa, basi sheria zote za miaka kumi na saba zimepitishwa na pipa, na watu wetu tumewatoa kwa ajili ya uchafu wa birika. Sidhani kama kuna mtu humu ndani atakayelala akijua hivyo. Mimi sitaweza. Hoja ni kwamba pipa lirudishwe. Wanaokubali?"

Viwiko kumi na vinne viliinuka. Katika historia ya Baraza lile hiyo ilikuwa kura ya kwanza isiyomhitaji mjumbe wa kumi na tano.

"Fundi ataondoka leo," aliendelea Mwenyekiti. "Huyu mama ataandikwa kuwa ameonekana. Mheshimiwa, kwa hisani yake, alimpisha kwa muda. Mtoto anabaki wake, na cheti atapewa hapahapa. Kwa sharti moja. Pipa alirudishe yeye mwenyewe, mbele yetu sote, ili asije akatoka hapo nje akasema jingine."

Mlezi alirudisha kitoroli nyuma kidogo. Si mbali.

"Mwatime," alisema Sihaba kwa sauti ya chini. "Dada yako yuko kule."

"Najua aliko."

"Mkisema wawili, mimi na wewe, kuna watakaosikia."

"Wewe unaondoka leo, mama." Hakulisema kwa hasira. "Nitasema na nani kesho? Na huyu atakuwa wapi wakati nasema?"

Ngwali alikuwa ameshaketi mezani, kalamu mkononi, cheti mbele yake. "Jina la mtoto?" aliuliza bila kuinua macho.

"Andika Subira," alisema Mwatime. Na palepale akalikabili pipa.

Alisukuma kwa viganja viwili, hadharani, na hakuna aliyemkataza. Halikwenda. Sakafu aliyoideki mwenyewe ilikuwa bado mbichi, miguu ikateleza, kichwa cha mtoto kikayumba mgongoni. Akajaribu kwa bega. Pipa lilisogea upana wa kidole likasimama. Mwatime aliinua uso, akamtazama Sihaba. Hakuomba.

Wajumbe walisubiri wamekaa. Sihaba aliwatazama mmoja mmoja, na alijua kwamba angeweza kubeba begi lake wakati huohuo na kutoka akiwa msafi, na wanawe watatu wangemsikiliza akiwasimulia jinsi alivyokataa. Alimtazama mlezi na shuka lake jeupe.

Akaenda upande wa pili wa pipa, akaweka bega.

"Nikisema tatu," alimwambia Mwatime, "wewe shika chini, mimi juu."

Akahesabu, wakasukuma pamoja, mpaka mfuniko ukaelekea jicho na maji yakaanza kutoka.